Mahali pa Kuzikwa, Safu ya Saba

Karatu,
Jumapili alasiri.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimeketi mezani kwa mara ya tatu tangu misa ya asubuhi. Mara mbili za kwanza niliandika jina lako, nikainuka, nikatoka hadi barabarani, nikarudi bila kununua kitu wala kumsalimu mtu. Upepo wa Karatu unaujua. Ndio uliokufanya useme kwamba mahali hapa hapafai hata kuanikia nguo. Leo umevuma tangu alfajiri, na vumbi jekundu limeingia hata kwenye karatasi hii. Ukiona doa, si chai.

Niambie kwanza habari zako. Goti la kushoto linasemaje katika baridi hii? Zamu yetu ya maji ya mfereji imerudishwa Jumanne, au wale wa juu bado wanafungulia wanapotaka wao? Na ndama aliyezaliwa wakati wa palizi, amekwisha kuachishwa? Mimi ni mzima. Baba ni mzima. Kikohozi kimemwacha, na gereji ina kazi nyingi, kwa kuwa barabara ya kupandia Ngorongoro inavunja springi za magari ya watalii kila wiki. Nayasema haya mapema ili usisome mistari inayofuata ukidhani nakuandaa kupokea msiba. Hakuna aliyekufa ila yule ambaye habari zake unazo tayari.

Ningeweza kumpigia simu Kaka Evarist akupe uzungumze. Sikutaka. Simu ya Kaka hupokelewa uani mbele ya watu, na mtu akiulizwa jambo kwa simu hulazimika kujibu kabla hajafikiri. Ninalotaka kukuuliza linahitaji ukae nalo.

Nianze na lile kaburi.

Mwezi uliopita ulikwenda kwa akina Kasiani kusaidia kupika. Uliona kaburi limechimbwa migombani, ukaona watu wamekaa siku nzima wakisubiri gari kutoka Karatu, na jioni ukawaona wazee wa ukoo wakikata shina la mgomba, wakalivika shuka na kulizika, kwa kuwa kaburi likishachimbwa hapo kwetu halifukiwi tupu. Kaka aliniambia kwamba ulirudi nyumbani ukaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Ulichokiona ni upande mmoja wa jambo. Upande wa pili ulitengenezwa huku, na aliyeutengeneza ni mimi.

Unajua kwamba watu wa Kilimanjaro waliohamia Karatu wana umoja wao wa kusafirishana wakifa. Mtu akifariki, umoja hutafuta gari na jeneza, hutoa taarifa, na humfikisha kwao. Kwa miaka mingi kazi hiyo iliendeshwa kwa kumbukumbu za wazee watatu na daftari moja lililotafunwa na panya. Kuna mama muuza vitenge aliyekaa siku nne katika chumba cha maiti kwa sababu hakuna aliyejua kijiji cha kaka zake. Sisi watoto wao, tuliokulia hapa na kusomeshwa kwa jasho lao, tuliona aibu, tukaamua kuiingiza kazi yote katika kompyuta ya shule ninakofundisha. Mwanzoni tulikuwa wengi. Tukabaki wawili: mimi, na Deo, mtoto wa fundi viatu wa sokoni. Deo hukaa kwenye redio ya mawasiliano katika ofisi ya kampuni moja ya utalii, na husikilizana na madereva walioko kreta na hata Nainokanoka juu, ambako simu za mkononi hazishiki. Yeye alileta masikio, mimi nikaleta hesabu.

Daftari letu lina safu saba. Jina, kijiji cha asili, baba au mume, mke, watoto, simu; na ya saba, mahali pa kuzikwa. Taarifa ya kifo ikifika, kompyuta huchambua nani aambiwe, Deo huunganisha simu yake, na ujumbe mfupi huwafikia wote kwa pamoja. Mara ya kwanza tulipoitumia, seremala mmoja aliyekufa asubuhi alikuwa kwao Machame kesho yake mchana, na nduguze wote walikuwa wamekwisha kukusanyika. Wazee walitushika mikono. Baba alinitambulisha kwa mteja wake akisema, "Huyu ndiye mwenye kompyuta yetu," na akalirudia neno "yetu".

Sasa kosa. Tulipozunguka majumbani kuandikisha watu, safu sita tulizijaza kwa kuuliza. Ya saba hatukuuliza. Ungemuuliza vipi mzee aliyekukaribisha sebuleni na kukumiminia chai: shikamoo, utazikwa wapi? Deo alijaribu mara moja, kwa mwenye duka la vipuri anayetoka Uru.

"Kijana," akasema yule mzee, "umenikuta nimelala hapa, au nimesimama?"

"Umesimama, mzee."

"Basi kawaulize waliolala."

Tulitoka tukicheka. Njiani Deo akaniambia, "Dada Resti, tunajitafutia laana bure. Umeshaona Mchaga mwenye akili anazikwa ugenini? Mwanamume atarudi kwa baba yake, mke atamfuata mume. Iambie kompyuta ijaze yenyewe."

Nikaiambia. Niliipa kanuni fupi: mwanamume azikwe katika kijiji cha asili yake, mke amfuate mume, mtoto ambaye hajaoa au kuolewa amfuate baba. Safu nzima ikajaa mara moja, juu hadi chini, bila pengo. Niliitazama nikaridhika. Mama, kuridhika kule ndiko kunakonisumbua kuliko yaliyofuata. Huwanyima wanafunzi wangu alama wanapoandika jibu bila kuonyesha njia. Na mimi niliandika majibu ya watu wote bila hata swali.

Mzee Kasiani, kama unavyomkumbuka, aliondoka Rombo akiwa kijana. Alikuwa na duka la sukari, majani ya chai, tumbaku na shuka kule Nainokanoka kwa Wamasai, na nyumba yake ilikuwa Rhotia, karibu na hapa, kwa mkewe Mama Bura, ambaye ni Mwiraqw na ambaye nyinyi huko mlimsikia tu. Alifia nyuma ya kaunta, asubuhi, mkono ukiwa bado kwenye mizani. Majirani walilifunga duka, wakaketi mlangoni, na mmoja wao akaenda kulisimamisha gari la watalii ili dereva atumie redio. Deo alizipata habari saa nne. Kabla ya saa tano ujumbe ulikuwa umekwisha kutoka: Mzee Kasiani amefariki, mazishi Rombo, Alhamisi. Kompyuta haikusita. Mtu angesita, angalau ili kuuliza kama mjane ameambiwa.

Mjane hakuwa ameambiwa. Safu yake ya simu ilikuwa tupu, kwa kuwa hana simu. Kwa hiyo katika wote waliopaswa kujua wapi Kasiani anapelekwa, aliyekosekana ni mkewe. Habari za msiba alizisikia kwa watu mnadani. Jumatano alifika hospitalini Karatu, ulikohifadhiwa mwili, kwa miguu, matope hadi magotini, akiwa na katekista wa Rhotia, wakati gari limekwisha kuoshwa na jeneza liko nusu ndani, nusu nje.

"Mnampeleka wapi?"

"Rombo, mama," Deo akajibu kwa adabu. "Nyumbani kwake."

"Nani amesema?"

"Imo kwenye kompyuta."

"Huyo Kompyuta ni mtoto wa nani?" akauliza Mama Bura. "Amekula kwangu lini? Kasiani alimwambia saa ngapi, mimi nikiwa wapi?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Dereva akasema kwamba safari ni ndefu na jua linakwenda.

"Safari ni yako," mama yule akamwambia. "Maiti ni yangu."

Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti, na ningependelea apaze. "Na wewe mwalimu. Ulikuja kwangu na karatasi. Nilikupa maziwa, ukanywa. Uliniuliza jina la baba mkwe wangu, ambaye sijamwona. Uliniuliza namba ya simu, ambayo sina. Kwa nini hilo hukuniuliza?"

"Niliona ni kukosa adabu, mama."

"Na hii ndiyo adabu?"

Katekista alieleza kwamba Kasiani alikwisha kutamka mbele ya wazee wa kanisa kwamba atalala Rhotia, kando ya binti yao aliyekufa mdogo, na kwamba alipanda ua wa minyaa kuzunguka mahali pa makaburi mawili, lake na la mkewe. Wazee wa umoja waliitwa, wakakutana gerejini kwa Baba. Wengi walitaka jeneza liende Rombo kwa kuwa kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Baba alisema maneno mawili tu: "Aliyesema, amesema." Jeneza likashushwa garini.

Utauliza kwa nini mliachwa mkisubiri siku nzima. Nitakueleza bila kujipamba. Taarifa ya kwanza tuliituma kwa watu wote. Ile ya kuirekebisha tuliituma kwa mtu mmoja tu wa ukoo, na simu yake ilikuwa imezimika tangu jana yake. Hata Kaka sikumpigia mpaka Alhamisi jioni. Tuliona haya kulitangaza kosa letu kwa sauti ileile tuliyoutangazia msiba. Zile sufuria ulizoziosha mara ya pili ni zangu.

Alizikwa Rhotia siku hiyo ya Alhamisi. Majirani Wairaqw walikuja na majembe yao wenyewe bila kuitwa. Wamasai wa Nainokanoka waliteremka kwa lori la ng'ombe, wakasimama mstari mmoja nyuma ya wanakwaya, na zamu ya kutupa udongo ilipofika hakuna aliyekubali kupitwa. Mmoja wao, mtu mzima, alisema kwa Kiswahili cha kutafuta neno moja moja: "Huyu alijua majina ya ng'ombe wangu." Akarudi mstarini. Nilimwona Baba akimtazama mtu yule kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kaburi.

Majuma mawili baadaye, Jumamosi mchana, shule ikiwa tupu, Baba alinifuata darasani. Alikuwa na ovaroli yake ya kazi. Aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti juu, akakataa kiti changu.

"Mwalimu, ile safu yako inasema mimi niende wapi?"

"Rombo, Baba."

"Futa. Andika Karatu."

Nilimwomba anieleze. Nakuandikia alivyosema, bila kupunguza. "Kule ninajulikana majuma mawili ya Desemba. Watoto wa njiani wananiita mgeni wa Krismasi. Mwaka jana mmoja alinielekeza nyumba yangu mwenyewe; kijana mzuri, alinibebea hata begi." Alicheka peke yake. "Hapa nikikohoa, fundi wa jirani anakuja kuuliza. Yule Mmasai umemsikia? Kule nani angesema neno juu yangu? Wangesoma wasifu ulioandikwa na wewe."

Najua swali litakalokujia, na nimelitafiti kama inavyostahili. Hakuna mwanamke. Anakula kwangu, anafua mwenyewe, Jumapili analala mchana. Kama yupo, basi anaishi ndani ya injini.

Nikasema, "Mama lazima aulizwe."

"Andika kwanza. Kuuliza kutafuata."

Nilitii, Mama, na nakiri kwamba nusu yangu ilitii kwa ajili ya kuona kama kompyuta itafanya sawasawa. Niliandika Karatu katika mstari wake. Kabla sijaondoa kidole, mstari ulio chini yake ukabadilika wenyewe. Na baada ya huo, wangu. Kwenye mstari wa katikati lilikuwa jina lako.

Baba aliinuka, akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Hakuwa na miwani.

"Huyo ni mama yako?"

"Ndiye."

"Nani amemhamisha?"

"Wewe, Baba. Mke anamfuata mume. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Niliiandika mimi. Sikuitunga mimi."

Alijifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Alilala hapa siku nne tu," akasema baadaye. "Kipaimara chako. Alisema maji ya hapa yana ladha ya msumari."

"Nakumbuka."

"Mrudishe."

"Nikimrudisha, mtalala mbali."

"Kwani sasa tunalala karibu?"

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo. Kisha akaelekea mlangoni, na pale mlangoni akageuka. "Muulize."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mwenye kompyuta. Na yangu usijaze kitu, si Rombo, si Karatu. Iache wazi mpaka yake ijazwe."

Akaenda zake. Tangu siku hiyo hajalitaja tena, ila kila jioni akija kula hunitazama mkononi, kama mtu anayengoja barua.

Jumatatu yake niliifuta kanuni. Safu ya saba ikabaki nyeupe, juu hadi chini, na sasa mimi na Deo tunazunguka upya, nyumba kwa nyumba, kuuliza lile tulilolikwepa. Kazi hii ni ya polepole na haina heshima yoyote. Tumefukuzwa na watu wawili. Mama mmoja alimwambia Deo, "Nitazikwa siku utakayooa, kwa hiyo nina muda." Lakini mzee wa duka la vipuri, yuleyule wa Uru, safari hii alituketisha, akaiacha chai yake mpaka ikapoa, halafu akasema, "Niandikie Uru. Ila andika kwa penseli." Na wake za watu, tunapowauliza wao wenyewe, kwanza huwatazama waume zao, kisha hutuuliza sisi kama swali hilo kweli ni lao. Hakuna hata mmoja aliyejibu siku ya kwanza. Wote wametuambia turudi.

Mimi situlii. Nimezoea swali lenye jibu moja, na kwa miaka yote hii niliamini kwamba hili lilikuwa mojawapo. Ulibaki Rombo ukakilinda kihamba, shamba la urithi la ukoo, ili Baba awe na mahali pa kurudi, sisi tukaja huku ili tusome. Hesabu ilionekana sawa. Ninapoikagua sasa, naona kwamba upande wako wa mlinganyo haukuwahi kuandikwa na wewe. Ulipelekwa kwa akina Baba ukiwa msichana, ukaachiwa migomba yao, na mimi binti yako, niliyesoma kuliko wote katika nyumba hii, nikakupangia kaburi kwa kanuni, halafu nikalihamisha kwa kidole kimoja kutoka mlimani hadi kwenye vumbi. Mstari wangu nao uko wazi. Sijui nitaandika nini humo, na hilo ndilo linaloniinua kitini kila mara.

Kwa hiyo nakuuliza, Mama, kwa heshima yote niliyonayo, na kwa kujua kwamba binti haulizi hivi: wewe ungependa kuzikwa wapi? Usijibu unavyodhani Baba anataka. Usijibu ili kumrudisha, wala ili kumwadhibu. Kama ni hapo migombani, sema. Kama ni kwa mama yako mzazi, Tarakea, ambako uliniambia zamani kwamba maji ni matamu kuliko yote, hilo nalo ni jibu. Kama ni huku, nitashangaa, lakini nitaandika.

Nisalimie Kaka Evarist, na umwambie kwamba barua hii ni yako peke yako, asiombe kuisoma. Msalimie mkewe, anayekukamulia ng'ombe goti linapokataa. Shangazi Theodora wa kwaya, mwambie kitabu chake cha nyimbo nimekipata, kitakuja na basi. Mpe pole mzee wa mfereji kwa ugomvi asiousababisha. Na ukipita kwa akina Kasiani, waambie wazee wa ukoo kwamba nitakuja Desemba kuwaomba radhi mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, si kwa ujumbe mfupi.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha karatasi chenye mstari mmoja. Nimeandika jina lako, na mbele yake nimeacha nafasi. Nimeweka pia penseli, niliyoichonga asubuhi hii, kabla sijaanza kuinuka na kukaa. Ina kifutio.

Mwanao akupendaye,

Restituta